Wimbo wa Kupepetea Mchele

Siku aliyofariki Mwanashehe, nchi nzima ya Pindoni ilipiga vigelegele. Si kwa ajili yake. Asubuhi hiyo redio ya taifa ilikuwa imetangaza kwamba Pindoni, baada ya kuomba na kukataliwa miaka nenda miaka rudi, hatimaye imekubaliwa kuingia katika Mashindano ya Kimataifa ya Nyimbo. Mtukufu Mlezi wa Taifa akaamuru kila raia atoke nje afurahi hadi jua litue. Asiyefurahi angeulizwa ana nini.

Shomvi alikuwa na jambo. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, ameushika mkono wa mkewe, anauhisi ukipoa kidogo kidogo kama chungu kilichoepuliwa. Nje watu walikuwa wakipiga masufuria. Alitaka kumwambia mtu kwamba Mwanashehe ametangulia, lakini kila aliyechungulia dirishani alimpungia mkono na kupita.

Alasiri jeneza lilipotoka, askari alilisimamisha kwenye kona ya muuza mkaa.

“Mbona hamna bendera?”

“Tunazika, afande.”

“Naona mnazika. Nauliza mbona mnazika bila bendera.”

Wakapewa bendera za karatasi, moja ikachomekwa kwenye jeneza, na kwa kuwa bendi ya magereza ilikuwa inafuata njia ileile, wachukuzi wakatakiwa kwenda kwa mwendo wa ngoma. Hivyo ndivyo Mwanashehe, ambaye maisha yake yote hakupenda kelele, alivyofikishwa makaburini kwa matarumbeta. Jioni redio ikasema kwamba furaha ya wananchi ilikuwa kubwa mno, hata waliokuwa hoi kitandani walibebwa mabegani wasipitwe na sherehe.

Shomvi aliisikia habari hiyo akiwa peke yake. Nyumba ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kuwa kubwa.

*

Pindoni ni nchi ndogo. Ramani nyingi huipita bila kuiona, na zile chache zinazoionesha huitumia nafasi yake kumalizia kuandika jina la nchi jirani. Lakini watu wake wana mila zao, na iliyo kubwa kuliko zote ni mila ya kulaza wimbo.

Huko kila mtu ana wimbo wake wa kazi. Si wimbo wa ngomani wala wa redioni. Ni maneno mawili matatu ambayo mtu huyaimba akikuna nazi, akipiga randa au akichota maji, hata yanamshika kama harufu ya nyumba yake. Mtu akifa, mfiwa hutandikiwa mkeka wa peke yake. Watu humpa pole wakiwa kizingitini, humwekea chakula kizingitini, na hakuna anayeketi naye. Mpaka matanga yaishe na ifike siku ya kulaza: majirani wote hukusanyika na kuuimba wimbo wa marehemu, mara moja tu, mwanzo hadi mwisho, kisha hauimbwi tena na kinywa chochote. Hapo ndipo watu huvua viatu, wakaketi kwenye mkeka wa mfiwa, wakala naye sinia moja. Wapindoni husema: wimbo usipolala, mfiwa haamki.

Wimbo wa Mwanashehe ulikuwa wa kupepetea mchele. Aliuimba uani kila siku kabla ya adhuhuri, ungo mkononi:

“We chuya, kaa kando, mchele usogee;”

hapo hunyamaza, akainamia ungo, akapuliza pumba, phuuu, taratibu, halafu akamalizia:

“Mwenzangu yu njiani, nisimchelewee.”

Mwenzangu ndiye Shomvi. Kazi yake ilikuwa kushona midomo ya magunia kwenye ghala la mchele, na kila adhuhuri alirudi nyumbani kwa miguu. Akifika kona ya muuza mkaa alisimama na kutega sikio. Akisikia mstari wa kwanza, alipunguza mwendo, asimkute mkewe bado na ungo akaona haya. Akisikia wa pili, alikaza mwendo. Ile pumzi ya katikati hakuweza kuisikia kutoka pale konani, lakini alijua ipo, na yeye pia alikuwa akipumua hapohapo. Jambo hilo hakuwahi kumwambia. Alidhani wana muda.

*

Sasa huko mjini, Kamati Kuu ya Kuchagua Wimbo wa Taifa wa Kushindania ilikuwa imeanza kazi kwa kishindo. Mwenyekiti wake aliteuliwa kwa sababu hakupenda muziki wa aina yoyote, kwa hiyo hakuna ambaye angeweza kumtuhumu kwa upendeleo.

Wimbo wa kwanza kuchaguliwa ulitungwa na mpwa wa waziri. Ulikuwa mtamu, wajumbe wakasimama kuupigia makofi, na balozi wa nchi jirani aliyekuwa amealikwa naye akasimama. Wao walipoketi yeye akabaki amesimama wima, mkono kifuani. Ndipo walipogundua kwamba ni wimbo wa taifa lake.

Wa pili uliletwa na jeshi. Ulikuwa mrefu kuliko mashindano yenyewe.

Wa tatu uliitwa “Umoja,” na kila mkoa ulikuwa na ubeti wake. Mikoa ikagombana ni upi utangulie, hata kamati ikatoa uamuzi wa busara kwamba beti zote ziimbwe kwa pamoja, kwa wakati mmoja. Wahandisi wa redio waliousikia walipewa likizo.

Siku zikawa zinayoyoma. Mtukufu Mlezi akawaita wajumbe Ikulu, akawatazama mmoja mmoja, wao wakitazama zulia. Kisha akasema:

“Mimi ninao wimbo. Ninao kichwani.”

Akawaeleza. Zamani kidogo, msafara wake ulikwama katika Mtaa wa Magunia, gurudumu lilipotumbukia kwenye shimo. Shimo lenyewe kwa mujibu wa taarifa za wizara halikuwapo, hivyo hapakuwa na njia ya kutoka ndani yake mpaka aletwe ofisa wa kulitambua. Wakati wa kumngoja, kiongozi wa nchi alisikia nyuma ya ua wa makuti mwanamke akiimba. Hajausahau. Huuvumisha puani anaponyoa ndevu.

“Ule,” alisema, akiwa mbali kidogo kimawazo. “Ule wa chuya. Nileteeni.”

Wajumbe waliapa baadaye kwamba kwa kitambo kifupi walimwona akiwa na uso wa mtu wa kawaida.

*

Aliyetumwa ni Bwana Lukindo, Katibu Mwandamizi wa Nyimbo za Nje. Alifika Mtaa wa Magunia siku moja kabla ya Mwanashehe kulaziwa wimbo. Aliwapenya watu waliokuwa wakitoa pole mlangoni, akapita hadi ndani, na kwa kuwa serikali haina kizingiti, akajibwaga mkekani kando ya Shomvi.

Alikuwa mtu wa kwanza kuketi karibu naye tangu mazishi. Shomvi alimsogezea mto kabla hajajua anafanya nini.

“Shikamoo, mzee wangu.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Pole sana, na hongera sana.” Alikuwa ameagizwa aseme yote mawili.

“Hongera ya nini tena?”

“Wimbo wa mama umechaguliwa. Ndio utakaoiwakilisha nchi. Mtukufu Mlezi mwenyewe kautamka.”

Shomvi akatazama uani, ungo ulipokuwa umetundikwa. “Mwenye wimbo hayupo.”

“Hayupo nyumbani,” alisema Lukindo.

“Hayupo duniani.”

“Hapo sasa, mzee wangu, ndipo tunapoomba ushirikiano wako. Kanuni za mashindano zinataka mtunzi awe hai.”

“Tumemzika. Askari wenu walitupa bendera.”

“Serikali haipingi kwamba mmezika,” alisema Lukindo kwa upole. “Inachopinga ni kwamba amekufa. Tumekaa, tumelitafakari, na tumeona mama yuko safarini.”

“Safari ya wapi?”

“Mbali.”

Shomvi akalifikiria neno hilo. Hakuliona kuwa la uongo moja kwa moja, na hilo ndilo lililomchanganya.

“Kesho tunaulaza wimbo wake,” alisema. “Majirani wameshajiandaa. Bi Tausi ndiye atakayeanzisha.”

“Hakuna kulaza. Kwanza, kumlazia wimbo mtu aliye safarini ni kumchuria. Pili, kanuni zinasema wimbo usiwe umewahi kuimbwa hadharani.”

“Ameuimba maisha yake yote!”

“Ndani ya ua. Tumewauliza wanasheria. Ua si hadhara.”

“Na Mtukufu aliusikiaje?”

Lukindo akakohoa. “Mtukufu si hadhara.”

Uani kuku alikuwa akiparua chini ya ungo, akitafuta kilichokuwa kikianguka hapo kila siku.

“Atarudi lini?” Shomvi aliuliza.

Lukindo akatabasamu, akidhani mzee ana utani. Alipomtazama vizuri akaacha. “Mashindano yakiisha ataruhusiwa kufariki. Kwa heshima zote.”

“Na mimi je?”

“Wewe ni mume wa msafiri, mzee wangu. Kazi yako ni kumngoja.”

Akainuka, akajifuta vumbi la mkeka kwenye suruali, akaenda zake. Mto ukabaki na alama ya alipoegemea. Shomvi aliuacha hivyo siku nyingi.

*

Kesho yake majirani walirudishwa njiani. Mtaani wakawekwa Askari wa Wimbo, ambao kazi yao ilikuwa kusikiliza kama kuna anayeuvumisha. Mtu alikamatwa kwa kupiga mluzi. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipepeta mtama alitakiwa aeleze ni kwa nini anapumua vile.

Shomvi akabaki mkekani. Kila adhuhuri Bi Tausi, jirani wa ukuta kwa ukuta na shoga wa marehemu tangu wakiwa wasichana, alileta chakula na kukiweka kizingitini.

“Hodi, shemeji. Leo kisamvu. Na safari hii ule wewe, si yule paka wako aliyenenepa kama mjumbe wa kamati.”

“Tausi, ingia ukae.”

“Nitaingiaje? Wimbo haujalala. Mkeka wa mfiwa hauketiwi.”

“Lakini serikali inasema hajafa. Kama hajafa, mimi si mfiwa. Ingia.”

Bi Tausi akaweka mikono kiunoni. “Haya, tuseme hajafa. Mwanamke mzima nitaingiaje peke yangu kwenye nyumba ya mwanamume ambaye mkewe yuko safarini? Huu mtaa utanisema nini? Na yeye mwenyewe akirudi akanikuta hapo mkekani, si atanipasulia huo ungo kichwani?”

Shomvi akacheka. Naye Bi Tausi akacheka, akajiziba mdomo kwa upande wa kanga, maana mfiwa hachekeshwi na wimbo haujalala. Kisha wote wawili wakaacha kucheka kwa wakati mmoja. Bi Tausi alibaki amesimama pale nje ya mlango, Shomvi ndani, katikati yao bakuli la kisamvu likitoa mvuke.

“Unaukumbuka lakini?” Shomvi alinong’ona. “Wimbo wenyewe.”

“Nitausahauje? Nimeusikia kwa ukuta huu kuliko nilivyousikia moyo wangu.” Akachungulia kama askari wapo. “Kula, shemeji.”

Siku moja Shomvi alijaribu kupepeta mwenyewe. Alimwaga mchele, kuku wakala. Alimwaga tena. Wimbo hakuuimba, aliogopa askari, na aliogopa pia sauti yake mwenyewe ndani ya maneno yale.

Mashindano yakaahirishwa. Yakaahirishwa tena. Mwanashehe akazidi kuwa safarini.

*

Wakati huo wimbo ulikuwa ukizunguka wizarani kuombewa kibali. Ulipomaliza mzunguko, Shomvi alipelekewa gari, akachukuliwa hadi Ukumbi wa Taifa ausikilize, yeye akiwa mume wa mtunzi. Alikalishwa mstari wa mbele. Kiti cha kando yake kilikuwa kitupu, kimebandikwa jina la Mwanashehe, na mbele yake wakaweka chupa ya maji. Kila mhudumu aliyepita alikiinamia kiti kidogo kwa adabu.

Bwana Lukindo akasimama kueleza maboresho.

“Wizara ya Kilimo ilitatizwa na neno chuya. Mchele wa Pindoni hauna chuya. Limetolewa. Wizara ya Usalama ikauliza: kaa kando, nani akae kando, na kwa amri ya nani? Limetolewa. Wizara ya Barabara haikuridhika na njiani. Njia ipi? Isije ikadhaniwa ni ya vumbi. Sasa ni ya lami. Na neno mwenzangu, waheshimiwa, tulilijadili kwa kirefu. Mwenzangu ni nani? Ni mtu yeyote tu? Taifa zima lisimame mbele ya dunia liseme linamngoja mtu yeyote tu?”

Wajumbe wakatikisa vichwa kwa masikitiko.

Mkuu wa bendi, mtu mwenye masharubu na nishani, akaongeza: “Nami nilikuta hapo katikati pana kimya. Nikajiuliza, kimya cha nini?”

Kwa kuwa hakuna aliyejibu, Shomvi akajibu. “Anapuliza pumba.”

Ukumbi ukamgeukia.

“Mzee wetu,” alisema mkuu wa bendi, “taifa halipulizi pumba.”

Basi wakaimba. Waimbaji walikuwa wengi kama harusini, na wimbo ulikuwa huu:

“Mchele wetu bora, mbele uendelee;”

na hapo katikati matarumbeta yote kwa pamoja, pa-pa-paa, kisha:

“Mlezi yu lamini, sote tumpokee.”

Makofi yakapigwa. Mwenyekiti asiyependa muziki alipiga kuliko wote, kwani kwa mara ya kwanza alikuwa amesikia kitu ambacho hakikumsumbua. Shomvi alingoja kelele zitulie, akamwendea Lukindo, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

“Mwanangu. Huu ni mzuri. Ubakini nao. Nipeni mimi ule mwingine niulaze.”

“Upi mwingine?”

“Ule wake.”

“Mzee wangu,” alisema Lukindo, na si kwamba hakuwa na huruma, “huo mwingine haupo. Wimbo ni uleule. Umeboreshwa tu.”

*

Likazuka tatizo. Siku ya mashindano, nchi nzima ilitakiwa iimbe pamoja na redio kwa sauti moja, hivyo kila raia alipaswa kuujua wimbo. Lakini wimbo ulikatazwa kuimbwa hadharani. Kamati ikalitatua kwa siku moja: watu wafanye mazoezi majumbani, milango na madirisha yakiwa yamefungwa. Nyumba si hadhara.

Basi Pindoni yote ikaimba ndani ya nyumba zake. Ukipita mtaani hukuona mtu, ukasikia tu ukuta baada ya ukuta ukinguruma kama mizinga ya nyuki. Askari walitembea na kuweka sikio kwenye milango, na nyumba iliyokosea iligongewa. Asiyekuwa na tarumbeta, nao ndio wote, alitakiwa alipige kwa mdomo.

Shomvi alikuwa amesamehewa mazoezi, akiwa mume wa msafiri. Aliketi mkekani akisikiliza. Kushoto kwake walikuwa wakiimba. Kulia kwake, nyuma ya ukuta uleule, Bi Tausi alikuwa akiimba, pa-pa-paa, akianza upya, pa-pa-paa, kwa sauti ya mtu anayetaka kumaliza akapike. Watu wote wa mtaa walikuwa wakiuimba wimbo wa mkewe, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akimwimba Mwanashehe.

Alijaribu kuuimba ule wa kweli moyoni, usije ukamponyoka. Ilibidi kila mara angoje kuta zinyamaze kwanza.

*

Mashindano yakafika. Pindoni iliimba ya mwisho, kwa sababu waandaaji hawakuwa na hakika kama ipo. Mtangazaji wa kule alisema kwamba mtunzi ameshindwa kuhudhuria kwa kuwa yuko safarini, na watu wakapiga makofi kumtakia safari njema. Wimbo ukaimbwa. Nchi nzima ikafungua madirisha ikaimba nao.

Kisha zikaanza kutajwa alama. Nchi moja ikatoa zake, nyingine ikatoa zake, na Pindoni haikutajwa. Nchi jirani, ambayo balozi wake alikuwa amesimama kwa wimbo wa mpwa wa waziri, ikasema kwamba inasikitika, wimbo ule wa kwanza ingeupa alama zote. Zilipomalizika kutajwa, Pindoni ilikuwa mikono mitupu. Redio ya taifa ilisema: “Pindoni imemaliza mashindano,” ikaweka muziki wa ala.

Asubuhi iliyofuata ikatoka taarifa. Pindoni haikuwahi kushiriki mashindano yoyote. Kilichosikika ni wimbo wa mtu binafsi, uliopelekwa huko bila serikali kuarifiwa. Mtu huyo ni Mwanashehe wa Mtaa wa Magunia, ambaye, serikali imepokea kwa mshtuko, amefariki ghafla akiwa safarini.

Askari yule wa bendera alikuja mwenyewe kugonga kwa Shomvi. Alivua kofia.

“Mzee, sasa mnaweza kulia.”

“Ahsante, afande.”

“Ila matanga yahesabiwe kuanzia leo. Ndivyo nilivyoambiwa.”

Shomvi akasema haya. Alikuwa amekwisha kuzoea kungoja.

*

Siku ya kulaza walikuja wote. Walijaza baraza, wakajaza njia mpaka kona ya muuza mkaa. Walikuwa wamevaa vizuri, na wengi walikuwa wakilia kweli, maana walimpenda Mwanashehe na walikuwa wameona aibu muda wote ule kumlilia mtu aliye hai. Sinia zilikuwa tayari. Shomvi aliketi peke yake mkekani, ungo wa mkewe magotini, na moyo ulikuwa ukimpiga kama wa bwana harusi. Baada ya wimbo huu watu wataketi naye. Baada ya wimbo huu Mwanashehe atapumzika.

Bi Tausi akasimama mbele. Akafumba macho. Akafungua kinywa.

“Mchele wetu bora,” aliimba, na watu wote wakadaka, “mbele uendelee;”

Shomvi akainua kichwa.

Walikuwa wakiimba kwa moyo wote. Hakuna aliyekuwa akimdhihaki, hakuna aliyekuwa akimwogopa askari. Ulimi ulikuwa umekwenda ulikozoezwa. Mstari ulipokwisha, Bi Tausi alinyamaza kidogo, akakunja uso kama mtu anayetafuta ufunguo gizani, midomo ikajikusanya kama ya mtu anayetaka kupuliza. Shomvi akainama mbele. Akazuia pumzi yake.

“Pa-pa-paa,” ikasema midomo ya Bi Tausi.

“Pa-pa-paa!” ukaitikia mtaa mzima, wazee kwa vijana, machozi yakiwatiririka. “Mlezi yu lamini, sote tumpokee.”

Hata askari walikuwa wameinamisha vichwa.

“Umelala,” alisema Bi Tausi.

“Ulale,” wakajibu wote.

Na wimbo ukishalala hauamshwi, wala hakuna kulaza mara ya pili. Bi Tausi akavua viatu, akavuka kizingiti, akaketi mkekani na kumshika Shomvi bega. Macho yalikuwa mekundu.

“Tumemwimbia vizuri, shemeji?”

Nyuma yake watu walikuwa wakiingia, wakisogezeana nafasi, wakitafuta pa kuweka magoti. Harufu ya pilau ikajaa chumbani. Muda wote ule Shomvi alikuwa amekitamani kitu hiki: magoti ya watu karibu na magoti yake.

“Mmemwimbia vizuri,” alisema. “Kuleni.”

Akala nao. Mtu mmoja alisimulia kisa cha yule mama wa mtama aliyeulizwa kwa nini anapumua, watu wakacheka, na sasa kucheka kulikuwa halali. Shomvi akacheka nao, ungo ukiwa bado magotini, mpaka mmoja wao alipoutwaa kwa adabu na kwenda kuutundika.

Sasa watu huja kwake. Bi Tausi huingia bila hodi na kumsema kuhusu paka. Wimbo wa Mwanashehe hauimbwi tena na mtu yeyote katika Pindoni, kama mila inavyotaka. Kabla ya adhuhuri, kabla hawajafika, Shomvi huteremsha ungo. Amejifunza kutomwaga. Husema mstari wa kwanza kwa sauti ndogo, huinama, hupuliza, hungoja, husema wa pili. Mchele wenyewe ni wa mtu mmoja, na bado hubaki chuya chache ambazo huzitoa kwa mkono.